Pumzi Haingoji Gari Lifike Voi

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Sikatai, lakini wapo majeruhi wasiouawa na ajali yenyewe, bali na ndimi zao. Mtu akizirai chali, misuli hulegea, ulimi ukarudi nyuma na kuziba koo. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne hivi huanza kuharibika. Nasi tulioko Bura, kando ya barabara ya Mwatate kwenda Taveta, twajua fika kwamba dakika nne hazimfikishi mtu Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Voi.

Madaktari wana ala za kuifungua njia ya pumzi. Ipo ya plastiki, iliyopinda kama ndoana, aliyoibuni Mmarekani Arthur Guedel mnamo 1933. Hupimwa kutoka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya, na haitiwi ila kinywani mwa aliyepoteza fahamu kabisa. Mwenye fahamu atatapika. Upo pia mrija unaopenyezwa hadi ndani ya koo la hewa mgonjwa anapotiwa nusukaputi. Huo wataka mkono uliofunzwa barabara, kwani ukipotea njia ukaingia kwenye umio, hewa yote huishia tumboni. Baadaye ikaja barakoa ndogo ikaayo juu ya kongomeo, ambayo Daktari Archie Brain aliibuni London mwaka 1981.

Kwa nini nawasimulia haya walimu na wanafunzi? Kwa sababu kazi ya ala ile ya Guedel, kuuondoa ulimi njiani, mkono mtupu waiweza. Inua kidevu, kirudishe kichwa nyuma taratibu. Ukishuku shingo imeumia, sukuma taya mbele pasipo kukisogeza kichwa. Asiye na jeraha la shingo akishapumua, mlaze ubavu ili matapishi yatoke. Lakini sisi hufanya nini? Humkunjia sweta chini ya kichwa, shingo ikapinda, koo likazidi kuzibika. Kisha twammiminia maji kinywani! Mwenye kifafa naye hupachikwa kijiko menoni. Huruma gani hii?

Kila zahanati na iwe na ala ya Guedel ya vipimo vyote, vya watoto na vya wazima, maana si ghali. Gari la wagonjwa lisilo nayo, wala mtu aijuaye, mimi naliita teksi yenye king'ora. Na shule zetu, tangu za msingi hadi Bura Girls, zimwalike afisa tabibu mara moja kila muhula, wanafunzi wafanyiane zoezi. Jioni moja ya michezo yatosha, na kifaa kinachohitajika ni mkeka tu.