POVU LA KOMBI MAKANGALE: Duka Linauliza Maswali Mengi, Kosa Liko Wapi?

Mitandao ya Visiwani imewaka moto wiki hii, na safari hii si ndoa, si talaka, wala nani kamtungia nani wimbo wa mafumbo. Ni breki. Ndiyo, breki za gari. Tena gari lenyewe ni Kombi ya kizamani iliyoegeshwa Makangale, kule kaskazini kabisa mwa Pemba.

Kwa wale ambao bando liliisha mapema, stori iko hivi. Bidada mmoja wa mjini mwenye wafuasi wa kutosha, pamoja na mumewe, walinunua Kombi ya Volkswagen ya miaka ya 70. Ikavushwa maji mpaka Pemba, ikapigwa rangi ya chungwa na nyeupe, ndani ikawekwa godoro, mapazia na jiko dogo. Mpango ulikuwa wageni walale ndani ya gari karibu na ufukwe wa Vumawimbi, asubuhi wafungue mlango waikute bahari, kisha wazungushwe msitu wa Ngezi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Wazo safi, hakuna anayebisha. Mapicha yakapigwa, laiki zikamiminika.

Kisha fundi wa hapo kijijini akachungulia chini ya gari akasema kitu kimoja tu: mgeni hapandi humu mpaka breki za mbele zitengenezwe.

Hapo ndipo likaingia duka. Ni duka la spea za magari ya zamani tu, liko Unguja, la mzee mmoja ambaye hana Instagram na hata WhatsApp yake inajibiwa na mjukuu. Ukitafuta spea ya Noah au IST, pale umepotea njia. Mzee anauza vya Kombi, vya kobe na vya Land Rover 109, vile vitu ambavyo maduka mengine wakivisikia wanacheka.

Bidada akatuma picha na hela. Mzigo ukaja kwa boti, haukuingia. Akarudisha, ukaja mwingine, nao haukuingia. Uvumilivu ukaisha, akatoa povu: duka la matapeli, mzee ana dharau, anahoji wateja kama polisi halafu spea yenyewe siyo. Kufika jioni, watu ambao hawajawahi hata kupanda Kombi walikuwa wanamtukana mzee wa watu na kuapa kwamba duka lifungwe.

Sasa ngoja. Kabla ya kuendelea kupiga kelele, kuna ukweli usiopendeza unatakiwa usemwe. Yale maswali ya mzee ndiyo huduma yenyewe.

Kombi si gari moja. Ya kwanza ilitoka kiwandani Ujerumani mwaka 1950, na Brazil waliendelea kuitengeneza mpaka 2013. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 ya gari linaloitwa jina lilelile huku likibadilika kimyakimya. Mwaka 1967 uso ulibadilika, kioo cha mbele kilichogawanyika mara mbili kikawa kimoja kipana. Umeme wa volti 6 ukaacha nafasi kwa volti 12. Na kwenye breki zilizozua haya yote, kuanzia Agosti 1970 Kombi za Ujerumani zilianza kuwekewa diski mbele, zile zinazobanwa na pedi. Za kabla ya hapo ni dramu zenye liningi kwa ndani, magurudumu yote manne. Na dramu zenyewe zina saizi tofauti kufuatana na miaka.

Kwa hiyo mtu akisema "nataka breki za Kombi", ni sawa na kuingia duka la nguo na kusema "nataka shati la mtu". Mtu gani? Mnene? Mtoto? Muuzaji asiyeuliza ndiye wa kuogopa, maana huyo anataka hela yako iingie na mengine utajua mwenyewe.

Na mzee aliuliza. Aliuliza mwaka wa gari, akajibiwa "ya zamani, sabini na kitu". Aliuliza namba ya chesisi, akajibiwa "kwani lazima?" Ndiyo, ni lazima. Kwa Kombi za toleo la 1965 mpaka 1979, tarakimu ya tatu ya namba ya chesisi inakuambia toleo la mwaka gani. Namba ikianza na 232, hilo ni toleo la 1972. Sekunde tano, kazi imekwisha. Akaomba picha ya breki, gurudumu likiwa limetolewa. Alichotumiwa ni picha yenye filta, bidada ameegemea taa ya mbele na miwani yake, gurudumu lenyewe halionekani. Imependeza, lakini haina breki ndani yake.

Kilichokuja kugundulika baadaye ndicho kinachouma zaidi. Chesisi ilionyesha gari ni la kizazi cha diski, lakini mmiliki fulani wa zamani alishawahi kung'oa miguu ya mbele akafunga ya gari la nyuma zaidi, lenye dramu. Magari ya umri huu yana historia kama watu wazima, yameshaoa na kuacha. Ndiyo maana pedi za kwanza hazikuingia. Liningi za pili zikawa za saizi nyingine, kwa sababu bado hakuna aliyepima chochote. Mpaka yule fundi wa Makangale alipotoa gurudumu mwenyewe, akapima upana kwa rula na kupiga picha ya chuma kikiwa kichafu vilevile na grisi yake. Mzigo wa tatu ukaja na ukaingia. Kombi inasimama pale inapotakiwa kusimama.

Na ile posti? Bado ipo. Haijafutwa wala haijarekebishwa. Mzee anasomewa matusi na mjukuu wake mwenyewe.

Lakini mzee naye asibebwe kama yai. Yapo ya kwake. Povu lilipoanza walijitokeza wateja wengine, na si wote walikuja na wivu. Kijana mmoja alisema alilipia kabureta, akaambiwa "wiki ijayo inshaallah", wiki ijayo ikawa miezi, na hela haikurudi mpaka alipokwenda dukani na mjomba wake. Mama mmoja alisema hajawahi kupewa risiti, kila kitu ni mdomo. Hayo ni malalamiko ya kweli, na kumtetea mzee kwa sababu ni mtu mzima hakuyafuti.

Ugumu wa kazi yake unaeleweka. Spea hizi haziko kila kona. Nyingine zinatoka Ujerumani na Uingereza, ambako yapo maduka yanayoishi kwa kuuza vya Kombi tu, na Volkswagen wenyewe wana kitengo cha spea za magari yao ya zamani. Nyingine zinatafutwa Gerezani kule Kariakoo, au Nairobi kwenye barabara ya Kirinyaga ambayo wenyeji bado wanaiita Grogan. Kisha zivuke mpaka Unguja, zivuke tena mpaka Mkoani au Wete, zipande gari mpaka Konde, zikatize msitu wa Ngezi ndipo zifike Makangale. Njiani lolote laweza kutokea.

Sawa. Ila kama hujui lini itafika, sema hujui. Kama huna, sema huna. Neno "sina" halijawahi kumfilisi mfanyabiashara, lakini "kesho" limefilisi wengi. Na inshaallah ni neno zito, lisigeuzwe pazia la kuficha kwamba mzigo haujaagizwa.

Halafu kuna hili suala la "orijino", ambalo wateja wengi wanapigwa nalo bila kujua. Watu wanadhani spea orijino iliyokaa kwenye boksi lake miaka 40 ni dhahabu. Kwa chuma, inaweza kuwa kweli. Kwa mpira, sahau. Mipira ya breki, sili na raba za ndani ya masta silinda zinazeeka hata zikiwa kabatini hazijaguswa. Zinakauka, zinapasuka, na siku unakanyaga breki kwenye mteremko mguu unakwenda mpaka chini. Muuzaji mwaminifu atakuuzia chuma cha zamani na mpira mpya. Wateja wawili waliojitokeza walisema mzee aliwakatalia kuwauzia mipira ya zamani ingawa walikuwa tayari kulipa. Hiyo hakuna aliyeisambaza. Mtu aliyekataa hela yako ili usife hapati laiki.

Ndiyo maana wanaosema duka lifungwe wanapaswa kufikiri mara mbili. Likifungwa, bidada atahamia kwenye kitu kingine, ana wafuasi na ana mjini pa kurudi. Nani atabaki? Yule fundi wa Makangale, ambaye riziki yake ni kuyafufua magari ambayo wengine wameyakatia tamaa. Dereva wa Land Rover ya babu yake anayebeba mizigo ya watu na hana uwezo wa kununua gari jipya. Hao hawaagizi vitu Ujerumani kwa kadi ya benki. Wanapiga simu dukani, wanasema shikamoo mzee, wanataja namba ya chesisi kwa kichwa, na mzee anajua wanataka nini kabla hawajamaliza. Fundi mmoja aliandika kwamba amenunua pale miaka mingi na mzigo uliokosewa hauzidi vidole vya mkono mmoja. Tofauti yake na bidada si umaarufu. Yeye anajua gari lake.

Na tusidanganyane kwamba magari haya ni sanamu za kupigia picha. Injini ya mtindo huu, inayopozwa kwa hewa bila rejeta, ndiyo iliyokuwa nyuma ya kobe wa Volkswagen walioshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, kwenye tope na vumbi la nchi hizi hizi. Ni vyuma vya kazi. Vikitunzwa vinafanya kazi, vikifanyiwa mzaha vinaua.

Basi ifanyike nini? Kwa mteja: kabla hujatuma hela, jua namba ya chesisi, muulize fundi wako kama gari limewahi kubadilishwa miguu au injini, toa kile kilichoharibika na ukipige picha kikiwa na rula pembeni. Usitume picha yako. Kwa mzee na wenzake: risiti iandikwe jina la spea, bei, tarehe ya kutegemea, na siku ambayo hela inarudi kama mzigo haujaja. Mjukuu yupo, simu ipo, haichukui dakika mbili.

Na mtu akidhulumiwa kweli, zipo sehemu za kwenda. Zanzibar kuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC, na moja ya kazi zake ni kumlinda mlaji. Ukienda pale utaulizwa risiti na ushahidi, na upande wa pili nao utasikilizwa. Kwenye posti hakuna anayeuliza ushahidi. Ndiyo maana posti ni rahisi, na ndiyo maana inaumiza watu wasiostahili pamoja na wanaostahili.

Kwa bidada, jambo ni jepesi kuliko anavyolifanya. Alikuwa na haki ya kukasirika mzigo wa kwanza ulipokosea. Wa pili ulipokosea, hasira zilikuwa na sababu. Lakini wa tatu umeingia, na gari ambalo anataka kulaza wageni ndani yake lina breki kwa sababu ya mzee aliyeng'ang'ania kuuliza maswali. Walioambiwa kwamba ni tapeli wana haki ya kuambiwa na hili pia, kwenye ukurasa uleule, kwa herufi zilezile kubwa. Kuacha posti hewani wakati unajua imepitwa na wakati hakuitwi ukweli tena. Ni kiki, tena ya mgongo wa mtu asiye na pa kujibia.

Wewe unasimama wapi? Duka la maswali mengi na spea sahihi, au duka la "sawa boss, lipia" na spea inayogoma mlangoni? Dondosha maoni yako hapo chini, ila ukiwa na Kombi, taja kwanza namba ya chesisi.