Fundi wa uso wa saa apimwe kwa kazi anayoikataa

Mjini Sumbawanga na vijijini Ufipa bado kuna saa za mkono za kutia ufunguo, zilizonunuliwa kwa mshahara wa ualimu au fedha za mahindi enzi za wazazi wetu. Wenyewe wengi wametangulia mbele ya haki, na warithi sasa wanatafuta mtu wa kuzitengeneza. Mashine ikisimama, fundi hapatikani kwa shida. Uso ukichakaa, wanaoujua kweli ni wachache, na anayekubali kazi hiyo haraka mno ndiye wa kuogopwa.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Saa niliyorithi ilikuwa ya mama yangu, naye muuguzi, aliyehesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa kwa mshale wake mrefu wa sekunde. Uso uliokuwa mweupe umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na karibu na namba 4 una madoa. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mpira wa kifuniko ukishakauka, unyevu hupenya, vanishi huvimba na shaba iliyo chini yake huota kutu ya kijani.

Nilimpelekea fundi mwenye meza ndogo karibu na soko. Aliweka lenzi jichoni, akaikagua kwa utulivu, kisha akasema: "Mama, mashine nitaisafisha na kuitia mafuta. Uso siugusi. Nikiufuta, maandishi yataondoka pamoja na uchafu, na sina chombo cha kuyarudisha." Tangu siku hiyo namwamini.

Alisema kweli. Kiwandani, maandishi ya uso wa saa hayaandikwi kwa mkono. Huchongwa kwenye bamba la chuma, yakajazwa wino, kisha pedi laini ikayachukua na kuyagandamiza juu ya uso. Asiye na bamba na pedi hukimbilia brashi. Jirani yangu alipeleka saa ya marehemu mumewe kwa fundi wa mji mwingine aliyemwahidi uso mpya. Ilirudi inang'aa, lakini namba zimekuwa nene, mistari ya dakika imepinda na jina la kiwanda limekosewa herufi. Alama ambazo mumewe alizitazama maisha yake yote zilikuwa zimekwishafutwa. Hata wakusanyaji wa saa za kale kwa kawaida hulipa zaidi kwa uso halisi wenye madoa kuliko uliopakwa rangi upya.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni afya. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu ili zisomeke gizani. Kuanzia mwaka 1917, wasichana wa kiwanda kimoja huko Orange, New Jersey, Marekani, walikuwa wakinyoosha ncha za brashi kwa midomo walipopaka rangi hiyo. Wengi waliharibika mifupa ya taya, na baadhi wakafa. Radiamu huchukua takribani miaka 1,600 kupungua nusu. Kwa hiyo saa isiyong'aa tena gizani bado ina mionzi. Kilichochoka ni kemikali ya kutoa mwanga tu. Anayeikwangua kwa wembe mezani anavuta vumbi lake, na mteja aliyekaa mbele yake analivuta pia. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye dhamana ya usalama wa mionzi, iwafikishie mafundi hawa elimu hiyo kwa Kiswahili chepesi.

Kabla ya kumkabidhi mtu saa, ipige picha uso wake kwa karibu. Mwombe akuonyeshe kazi aliyowahi kufanya, ilivyokuwa kabla na baada. Muulize atatumia chombo gani kurudisha maandishi, na atafanya nini akikuta rangi ya kung'aa gizani. Mkubaliane kwa maandishi kwamba kila kitakachotolewa, hata mshale uliovunjika, utarudishiwa. Akikosa subira kwa maswali hayo, chukua saa yako uondoke.

Wafipa tunajua ufundi unavyopotea. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma cha kutoka nje kilipojaa, vijana hawakuwa na sababu ya kujifunza, na leo magofu ya malungu ndiyo yaliyobaki.

Mafundi saa nao wanazeeka bila wanafunzi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Iwafuate hawa wa mezani, iwape vyeti, iwaunganishe na vijana, na iwanunulie mitambo michache ya kuchapia nyuso za saa, hata kama ni mmoja kwa kanda nzima. Nasi wateja tumlipe fundi kwa ukaguzi wake hata anapokataa kazi. Tukimlipa pale tu anapopaka rangi, tunamfundisha kupaka.