Mizinga Haikutosha Bila Hesabu

Kila mwaka ufikapo wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu, wenzetu wengi huiaga fizikia kwa furaha. Sababu yao ni moja: "Hesabu za mwendo na pembe zitanifaa nini? Nikizihitaji, mashine itanifanyia." Mimi sikubaliani na usemi huu hata kidogo, na mashahidi wangu ni manowari kubwa za mwanzo wa karne ya 20.

Tuzionapo picha za manowari hizo, husifu ukubwa wa mizinga yake. Ni kweli ilikuwa ya kutisha. Dreadnought ya Uingereza, iliyoanza kazi mwaka 1906, ilikuwa na mizinga 10 ya inchi 12, na kila kombora lilikuwa na uzito wa kilo 385 hivi. Lakini mzinga usiopiga shabaha ni kelele tu, na kupiga shabaha ndiko kulikokuwa na taabu.

Hebu tufikiri. Adui yuko umbali wa kilometa 9. Kombora likifyatuliwa hukaa hewani sekunde 15 hivi. Manowari iendayo maili 20 za baharini kwa saa hupita mita 10 kwa kila sekunde. Basi kombora lifikapo, adui amekwisha kusogea mita 150. Merikebu mbili zikielekeana kwa mwendo huo, umbali kati yao hupungua zaidi ya mita 1,200 kila dakika. Tena sitaha haitulii, kwani mawimbi huiinua na kuilaza. Jicho la mpiga mzinga, hata liwe kali kama la mwewe, haliwezi kuyapima hayo yote.

Kwanza ilibidi umbali ujulikane. Barr na Stroud walitengeneza chombo cha kupimia, mfano wa bomba refu lenye dirisha la kioo kila upande. Manowari nyingi za Uingereza zilitumia kile cha futi 9. Kwa kitu kilicho mbali kilometa 9, pembe inayopimwa na chombo hicho ni kama sehemu moja ya 60 ya digrii. Hiyo ni jiometri ya pembetatu, ile ile tunayoinung'unikia darasani!

Pili, ilibidi kujua umbali huo unabadilika kwa kasi gani. Ofisa mmoja, John Dumaresq, alibuni chombo kilichotoa jibu hilo, mradi kiambiwe mwendo na uelekeo wa merikebu zote mbili. Baadaye Arthur Pollen, ambaye alikuwa mfanyabiashara wala si baharia, na Frederic Dreyer, ofisa wa manowari, kila mmoja alitoa mashine ya kuendeleza hesabu hiyo dakika kwa dakika. Wakuu wa manowari walichagua ile ya Dreyer, na hata leo wanahistoria wanabishana ipi ilikuwa bora.

Tatu, Percy Scott alishikilia kwamba mtu mmoja, akiwa juu ya mlingoti mbali na moshi, alenge kwa niaba ya mizinga yote na kuifyatua pamoja. Wengi walimpinga. Mwezi wa Novemba 1912 manowari Thunderer, iliyokuwa na mpango huo, ilishindanishwa na Orion, isiyokuwa nao. Thunderer iliishinda Orion kwa mbali.

Hapa wenzangu watasema: "Unaona? Mashine ndizo zilizofanya kazi." La! Mashine ilijua yale tu iliyoambiwa. Ikiambiwa uelekeo wa adui usio sahihi, iliendeleza kosa hilo kwa utii mkubwa. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kutazama nguzo za maji zilizoruka makombora yalipoanguka. Yakianguka mbele ya adui, umbali huongezwa. Yakianguka nyuma yake, hupunguzwa. Mpaka adui awe katikati. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia.

Jambo hili lilionekana hata pwani yetu, ingawa kwa merikebu ndogo zaidi. Mwaka 1915 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Merikebu mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni kuishambulia, lakini wapiga mizinga hawakuweza kuiona kwa sababu ya miti. Ndege kutoka Mafia zilitazama makombora yalipoanguka na kupeleka masahihisho kwa simu ya upepo. Tarehe 6 Julai walishindwa. Tarehe 11 Julai walirudi, wakasahihisha tena, na Königsberg ikaangamia.

Yumkini mzazi atauliza kama yafaa kijana kusifu vyombo vya kuulia watu. Swali hilo ni la haki. Katika vita vya Jutland, mwaka 1916, walikufa mabaharia zaidi ya 8,000 wa pande mbili. Mimi sisifu mauaji hayo. Nasema kwamba elimu ile ile ya kupima, kukisia na kusahihisha hutumika kuongoza meli ya abiria bandarini, na asiyekuwa nayo atabaki kuongozwa na aliye nayo.

Basi, wenzangu wa kidato cha pili, msiikimbie fizikia kwa kuwa simu zenu zinajua kuzidisha na kugawanya. Simu haitakuambia kwamba umeiuliza swali lisilo sahihi. Nanyi walimu wetu, nawaomba mtupe hesabu za vitu vinavyokwenda kweli, kama vile mabasi, majahazi na mipira. Tukijua swali limetoka wapi, hatutauliza tena jibu lina faida gani.