Nibu Iliyopinda si ya Kutupwa

Imekuwa ada ya watu wengi siku hizi kwamba kalamu ya wino ikianza kukwaruza karatasi, hukumu yake huwa imekwisha kutolewa: itupwe, inunuliwe biro. Hakuna anayeuliza imepatwa na nini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Kwale, na kila nikiingia katika nyumba ya mwalimu mstaafu, iwe Tiwi au Msambweni, aghalabu huonyeshwa kalamu moja au mbili zilizolala katika droo miaka na miaka, wino umekauka ndani yake, na mwenyewe akasema kwa huzuni kwamba zimekufa. Yamkini nyingi kati ya hizo hazijafa. Zina kiu tu.

Wapenzi wasomaji, hasa nyinyi wanafunzi mliozaliwa katika enzi ya biro, hebu tuitazame nibu yenyewe. Ni kibati kidogo cha chuma kisichoshika kutu, au cha dhahabu kwa wenye uwezo, kilichopasuliwa katikati kwa mwanya mwembamba mno. Mwanya huo huanzia kwenye tundu dogo na kuishia nchani, na chini yake umelala ulimi mweusi wa plastiki au wa mpira mgumu. Wino hausukumwi na mtu. Hupanda na kushuka katika mwanya kwa nguvu ile ile inayofanya mafuta yapande katika utambi wa kandili, huku hewa ikiingia polepole kujaza nafasi ya wino uliotoka. Nchani kabisa pameunganishwa chembe ya madini magumu ya jamii ya iridiamu, maana dhahabu ni laini na karatasi ingeila upesi.

Mtu akishayaelewa hayo, maradhi ya nibu hayamtishi tena. Pande mbili za nibu zikibanana kupita kiasi, wino haushuki. Zikiachana, wino humwagika na kuchafua daftari. Upande mmoja ukipanda juu ya mwenziwe, kalamu hukwaruza kama ukucha wa paka. Na maradhi makubwa kuliko yote ni wino uliokauka, ambao tiba yake ni maji baridi na subira. Maji ya moto hayafai, kwani yanaweza kuupinda ule ulimi, na spiriti huharibu baadhi ya plastiki.

Kuna msichana wa kidato cha tatu aliyenijia na kalamu ya marehemu babu yake. Mzee huyo alikuwa karani katika kiwanda cha sukari cha Ramisi, kile kilichofungwa mwaka 1988 kikaacha watu wengi wa upande huu bila kazi. Kalamu ilikuwa ndiyo urithi pekee aliopewa mjukuu kutoka mkononi mwa babu. Alikuwa amekwisha kumwonyesha fundi mmoja aliyemwambia kwamba vitu hivyo havitengenezwi tena. Isitoshe, shuleni alikuwa ameambiwa kwamba mwandiko wake ni wa kuku, ilhali kosa halikuwa la mkono wake.

Tuliilaza kalamu ile ndani ya maji usiku kucha, na mara tatu tukayabadilisha maji yaliyogeuka buluu. Asubuhi tuliazima lenzi kwa fundi wa saa pale Ukunda, na ndipo tukaona kwamba upande wa kushoto wa nibu ulikuwa umeinuka, pengine kwa sababu kalamu ilipata kuanguka kichwa chini. Msichana mwenyewe aliusukuma kwa ukucha wa kidole gumba, kidogo kidogo, akijaribu kwenye karatasi kila mara, mpaka pande zote mbili zikalingana. Baadaye tulipitisha katika mwanya kipande cha bati la shaba jembamba kama karatasi ili kutoa mabaki ya wino. Wembe sikuuruhusu, kwa kuwa makali yake hukwangua kingo za ndani za nibu. Msasa wa seremala vilevile ni mwiko. Ile chembe ya nchani ikishasagwa hairudi. Siwezi kudai kwamba kalamu ile imekuwa mpya. Katika karatasi laini zenye kung'aa bado hurukaruka. Lakini huandika, na mwandiko aliosimangwa nao sasa unasomeka.

Wapo watakaonicheka na kusema kwamba nalilia kitu cha Wazungu kilichopitwa na wakati. Hao nawakumbusha kwamba jina kalamu tulilipata kutoka Kiarabu, nao Waarabu kutoka Kigiriki, na maana yake ya asili ni utete. Katika vyuo vya Kurani vya pwani hii, watoto waliandika juu ya ubao kwa utete uliochongwa kwa kisu na kupasuliwa nchani, yaani nibu kabla ya nibu. Barua za kale kabisa za Kiswahili zinazojulikana, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 na kuhifadhiwa Goa, ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Fikra ya kalamu inayobeba wino wake tumboni ilinakiliwa Afrika ya Kaskazini katika karne ya 10, katika zama za khalifa al-Mu'izz wa Wafatimi, kabla ya Lewis Waterman kupata hataza yake kule New York mwaka 1884. Utete ulipochakaa mwandishi aliuchonga upya. Kuitengeneza kalamu ilikuwa sehemu ya kujua kuandika.

Hoja ya bei naikubali. Biro, iliyopewa jina la mwandishi wa habari wa Hungaria László Bíró, aliyepata hataza yake mwaka 1938, ni rahisi, haivuji, na mwanafunzi anayevuka vijito vya Lunga Lunga kwenda shule haitaji chupa ya wino mkobani. Simshauri mtu yeyote aingie katika chumba cha mtihani wa kitaifa na kalamu iliyotengenezwa jana. Ninachopinga ni ile tabia ya kukata tamaa kabla ya kutazama. Sisi watu wa Kwale tumechimbiwa madini ya titaniamu kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024, madini ambayo chuma chake hutumiwa pia kutengenezea nibu za kalamu za fahari huko ng'ambo, na bado mtoto wetu haambiwi jinsi kibati cha urefu wa kucha kinavyofanya kazi.

Kwa hivyo nawaomba walimu wa Sekondari Msingi, wanaofundisha utangulizi wa ufundi tangu madarasa hayo yalipoanza mwaka 2023, na wale wa fizikia, waziombe kalamu hizo kutoka kwa wazee na kuziweka mezani mbele ya wanafunzi. Gharama ni ndogo: lenzi moja, beseni, kitambaa cha pamba, na chupa ya wino wa kalamu. Usiwe wino wa mhuri wala wino wa Kihindi wa kuchorea, kwani huo wa pili una utomvu unaoziba mwanya usizibuke tena. Na kwa kuwa maji ya visima vingi vya Diani na Ukunda yana chumvi, ambayo ikikauka huacha ukoko ndani ya kalamu, masika yakifika kingeni chupa kadhaa za maji ya mvua, mzihifadhi kabatini kwa kazi hiyo.