Origi: Tusimshangilie Mwana Tukamsahau Baba

Usiku wa tarehe 1 Juni 2019 ulikuwa wa Ramadhani, kumi la mwisho. Tulikuwa tumeshatoka tarawehe, tumejikusanya barazani kwa jirani kutazama fainali ya Klabu Bingwa Ulaya kutoka Madrid. Ilipokaribia saa sita, Divock Origi akaachia shuti la mguu wa kushoto. Liverpool 2, Tottenham 0. Baraza zima likalipuka: "Mkenya huyo!"

Mzee mmoja aliyekuwa pembeni na kahawa yake akauliza taratibu: "Kama ni Mkenya, mbona hachezei Kenya?" Hakuna aliyemjibu. Leo nataka kujaribu.

Divock alizaliwa Ostend, Ubelgiji, mwaka 1995. Mpira alifunzwa huko, na mwaka 2014 aliifungia nchi hiyo katika Kombe la Dunia dhidi ya Urusi. Hatuna deni tunalomdai. Wa kumzungumzia ni babake.

Mike Okoth Origi ana asili ya Nyanza Kusini, wilaya ya zamani ambayo leo tunaijua zaidi kama kaunti za Homa Bay na Migori. Ndugu yake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987. Okoth, mshambuliaji, alipitia Shabana ya Kisii, kisha Kenya Breweries, timu ya kampuni ya bia ambayo siku hizi inaitwa Tusker. Kutoka hapo akaenda Ubelgiji: Oostende, na baadaye Genk. Akiwa Genk walichukua ubingwa wa ligi 1999. Hakuwa nyota wa kwanza. Pale mbele walitamba Strupar na Oularé. Lakini alidumu, na kwa zaidi ya miaka kumi aliendelea kuivaa jezi ya Harambee Stars.

Tazama ngazi aliyoipanda: timu ya nyumbani, timu ya kampuni inayolipa mshahara, timu ya taifa, ndipo Ulaya. Kipaji kilikuwa chake, lakini ngazi ilishikwa na watu wengine.

Je, ngazi hiyo ingalipo? Huko Awendo, Migori, palikuwa na Sony Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, mabingwa wa Kenya mwaka 2006. Masoud Juma, kijana wa Isiolo, alipitia hapo kabla ya kuwa mfungaji bora wa ligi mwaka 2017 kwa mabao 17 akiwa na Kariobangi Sharks, kisha akaenda kucheza Afrika Kusini na Emirates. Mwaka ule ule wa 2019 tulipokuwa tukishangilia Madrid, mdhamini wa ligi alijitoa, Sony Sugar ikakosa fedha za kufika uwanjani mara tatu, ikafukuzwa ligini. Hakuna baraza lililopiga kelele.

Homa Bay leo ina Uwanja wa Raila Odinga, na ni jambo la kupongezwa. Lakini uwanja peke yake haumlipi mchezaji.

Sisi wa Pwani tusicheke. Uwanja wetu wa Manispaa Mombasa ulivunjwa ili ujengwe upya, na ujenzi ukala miaka. Tunayo Bandari, nayo inasimama kwa sababu Mamlaka ya Bandari inaishika mkono. Siku mkono huo ukiachia, kijana wa Likoni au Kisauni atapandia wapi? Wabunge na magavana wetu hupenda kugawa mipira na jezi karibu na uchaguzi. Jezi huchakaa. Kijana anahitaji mkataba, mshahara wa kila mwezi na nauli ya kwenda mechi ya ugenini.

Basi mzee wangu, jibu ni hili: Divock hachezei Kenya kwa sababu babake alipata ngazi ya kumfikisha mbali. Nikhofiacho ni kuwa Mike Okoth wa leo yuko nyumbani, ana miguu, na ngazi imeondolewa.