Mabinti Zetu Uarabuni: Mlango wa Mahakama Usifungwe

Mkazi wa Mbagala, Tandika, Manzese au Tandale hahitaji kusimuliwa habari ya dalali wa kazi za Uarabuni. Huja nyumbani kwa adabu, mara nyingi akiwa ni mtu wa mtaa huohuo, na huahidi mshahara, tiketi na pasipoti bila ya mzazi kutoa hata senti. Mzazi akisitasita, dalali humalizia kwa neno ambalo hulipinga nani? "Mama, kule ni kwa Waislamu wenzetu. Mwanao atasikia adhana mara tano kwa siku." Basi mzazi huridhika, na binti huondoka.

Sisi tunasema kwamba neno hilo ndilo linalopaswa kumtia mzazi wasiwasi. Adhana haimlindi binti aliyefungiwa ndani ya nyumba ya mtu, usiku, katika nchi ambayo hajui lugha yake wala njia ya kituo cha polisi. Kinachomlinda ni mkataba unaoheshimiwa, na mahakama inayomsikiliza.

Mnamo Novemba 2017, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Walioeleza yaliyowapata walitaja kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku, kunyimwa ujira na kupigwa. Wapo pia waliosema kwamba waume wa nyumba walizofanyia kazi, au jamaa zao wa kiume, waliwashika kwa nguvu na kuwaingilia vyumbani. Haya si maneno ya maadui wa Uislamu, kama wengine wanavyopenda kudai kila lisemwapo jambo la aibu. Ni ushuhuda wa mabinti zetu wenyewe.

Kwa nini basi mwenye kudhulumiwa hivyo asishitaki? Jibu limo katika utaratibu unaoitwa kafala. Katika fiqhi, kafala ni kumdhamini mtu na kubeba mzigo wake. Katika mfumo huu wa ajira neno limegeuzwa: kibali cha mgeni cha kuishi nchini kimefungwa kwa mwajiri mmoja, na anayetoka nyumbani kwake bila idhini huripotiwa kuwa ametoroka. Kwa hiyo binti anayekimbia kubakwa huweza kufika polisi yeye akiwa mkosaji kabla hajafungua kinywa.

Sheria za kazi nazo zilimwacha mlangoni. Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2003 haikuwahusu watumishi wa nyumbani. Falme za Kiarabu zilitunga sheria yao maalumu mwaka 2017, wakaibadilisha mwaka 2022. Hiyo ni hatua, nasi tunaipongeza. Lakini kosa linalofanyika chumbani usiku halikaguliwi na afisa wa kazi. Linahitaji polisi na hakimu, na hapo ndipo hofu kubwa zaidi ilipo. Wakati ripoti ile inaandikwa, kujamiiana nje ya ndoa kulikuwa kosa la jinai katika nchi zote mbili. Mwanamke aliyekwenda kulalamika kuwa amebakwa, akashindwa kuthibitisha, aliogopa kugeuzwa mshitakiwa wa zinaa.

Hapa hatuwezi kunyamaza, kwa sababu jambo hili hufanywa kwa jina la sheria ya Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wameafikiana kwamba mwanamke aliyelazimishwa hana adhabu wala dhambi. Aya ya 33 ya Surat an-Nur, iliyokataza kuwalazimisha wajakazi kufanya uchafu, ilifungua mlango wa rehema kwa walioshurutishwa. Katika zama za Mtume (S.A.W.), mwanamke aliyeshambuliwa njiani akienda kuswali alikuja kulalamika mbele yake, naye akaachiwa aende zake bila kuadhibiwa. Basi ni fiqhi gani inayomtia mlalamikaji woga wa pingu?

Wala tusidhani kuwa ni Uarabuni pekee ambako mkataba huweza kuwa ukuta. Mwaka 2005 Mmarekani Jamie Leigh Jones, mwajiriwa wa kampuni ya KBR huko Iraq, alidai kubakwa na wafanyakazi wenzake. Kampuni ilitaka madai yake yaamuliwe kwa usuluhishi wa faragha, kwa kuwa mkataba wake ulisema hivyo. Alipigania haki ya kusikilizwa mahakamani akaipata, ingawa mwaka 2011 jopo la raia waamuzi halikukubaliana na madai yake. Kushinda au kushindwa ni suala jingine. La msingi ni kwamba alisikilizwa. Mwaka 2009, kwa hoja ya Seneta Al Franken, Bunge la Marekani lilikwishazuia fedha za Wizara ya Ulinzi kwa wakandarasi wakubwa wanaowafungia wafanyakazi mlango wa mahakama katika madai ya namna hiyo, na mwaka 2022 kinga kama hiyo ikapanuliwa kwa wafanyakazi wote. Je, binti wa Temeke hastahili kusikilizwa kama alivyosikilizwa yule?

Hatuombi mabinti wakatazwe kusafiri. Kenya ilizuia mwaka 2014, Uganda mwaka 2016, na zote zikaja kuondoa zuio. Njaa haizuiliwi kwa tangazo. Anayekatazwa uwanja wa ndege hupitishwa njia za panya, na huko hakuna anayejua jina lake.

Tunachotaka ni mambo matatu. Kwanza, serikali yetu iingie makubaliano na nchi hizo yanayotamka wazi kwamba mwenye kulalamikia shambulio la kijinsia hatashitakiwa kwa zinaa wala kwa kutoroka, na kwamba ubalozi utampa hifadhi na mwanasheria. Pili, dalali ashikwe hapa hapa. Sheria yetu ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, yenye kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, haimfikii mwenye nyumba wa Muscat. Lakini Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inamfikia aliyemhadaa binti hapa Kinondoni akampeleka katika unyonyaji. Itumike.

Tatu ni letu sote. Anayerudi akiwa ameumizwa asipokelewe kwa minong'ono ya majirani, bali apelekwe hospitali na polisi, na maimamu walisemee jambo hili katika khutba. Nasi tujitazame. Sheria ya Ajira ya 2004 inamhusu pia binti aliyeletwa kutoka Singida au Iringa kutufulia na kutupikia. Wangapi wetu wamempa mkataba? Wangapi wamempa chumba chenye komeo la ndani? Hatutakuwa na uso wa kumlaumu bwana wa Muscat kama binti wa watu analala jikoni kwetu bila ya mlango.

Dhulma ni dhulma, hata mwenye kuitenda awe anaelekea kibla kimoja nasi.

Wabillahi tawfiq.