PRODYUZA MKUBWA ALICHEKA KOPO LA BISKUTI, LEO LINALIA KWENYE NGOMA YAKE

Wadau wa mjini, stori ya leo haina ndoa iliyovunjika wala gari la kukodi lililopigiwa picha. Ni stori ya kopo la biskuti. Ndiyo, kopo lile lile ambalo ukilifungua nyumbani kwa bibi unakuta nyuzi na sindano. Kopo hili limemuumbua mtu mzima mwenye studio ya viyoyozi na sofa jeupe, na mpaka sasa hajafungua mdomo.

Tuanze na dogo. Dogo huyu ni wa Mbagala, anapiga gitaa na mchana anatengeneza redio na sabufa za watu. Miezi kadhaa iliyopita aliposti video fupi. Kopo la biskuti mezani, waya mbili zinaingia, waya mbili zinatoka, gitaa la mkopo mapajani. Anagusa uzi mmoja tu, sauti inatoka kama anapiga ndani ya kanisa tupu usiku. Chini akaandika kwamba ametengeneza riverbu ya springi kwa mikono yake na imemgharimu chini ya elfu 20.

Video ikatembea. Na kama kawaida ya mjini, kitu kikitembea lazima mkubwa mmoja aone kinamkanyaga. Prodyuza mwenye jina, yule ambaye kila ngoma lazima atajwe mwanzoni kabla hata msanii hajafungua kinywa, akaingia laivu na miwani yake ya usiku. Akaicheza ile video mbele ya mashabiki akicheka mpaka anakohoa. Akasema huo ni uchafu, akasema muziki wa Bongo hauendi mbele kwa sababu ya watu wa makopo, akasema mtu asiye na vifaa vya maana akauze mahindi. Mashabiki wakajaza vicheko. Dogo akapewa jina la Msanii wa Biskuti. Akafuta video.

Miezi miwili baadaye ikatoka ngoma kubwa ya mwanadada mmoja anayetamba, mtayarishaji ni huyo huyo bosi. Mwanzo wa ngoma kuna gitaa linalodondoka kama matone ya maji kwenye pipa. Katikati biti inakata, panasikika mshindo kama radi inapasuka juu ya bati. Watu wakapagawa. Bosi akahojiwa redioni, akaulizwa ile sauti ameitoa wapi. Akajibu kwa kujiamini kwamba ni mashine ya zamani ya Marekani, adimu, haipatikani hapa nchini.

Mbagala nzima ikacheka safari hii. Maana lile kopo lina kasoro yake. Springi ya tatu inagusa mfuniko kidogo, kwa hiyo noti ya chini ikipigwa kwa nguvu linakwaruza, "tzzz", kama nyuki kwenye chupa. Dogo alishindwa kuirekebisha akaizoea. Hiyo "tzzz" ipo kwenye ngoma. Vaa spika za masikioni uisikie mwenyewe, sekunde chache baada ya gitaa kuanza. Mashine adimu ya Marekani ina ugonjwa uleule wa kopo la Mbagala? Labda ni ndugu.

Ukweli ni kwamba wiki tatu baada ya ile laivu ya vicheko, kijana wa studio ya bosi alifika kwa dogo na bodaboda. "Dogo, lete hilo kopo lako, Bosi anataka kulicheki siku mbili." Dogo, kwa heshima na kwa ndoto za kila mpiga gitaa wa nchi hii, akajibu, "Sawa kaka, ila msiliweke karibu na trafo, litavuma." Akafunga kwenye mfuko wa rambo, akampa. Siku mbili zikawa mwezi. Kopo likarudi springi moja imekatika, na elfu 10 ya "nauli". Hakuna jina lake kwenye ngoma, wala simu ya asante hakupigiwa.

Sasa povu linaanzia hapa, na linaanzia kwa mashabiki kwanza, maana ndio waliocheka kwa sauti kubwa zaidi.

Hivi mnajua mlikuwa mnacheka nini? Riverbu ya springi siyo uchawi wala takataka. Sauti ya gitaa inapita kwenye amplifaya ndogo, dogo alitumia aisii ya LM386 na betri ya volti 9, kitu ambacho fundi yeyote wa Kariakoo anakijua. Amplifaya inasukuma spika ndogo iliyotolewa kwenye redio iliyokufa. Katikati ya spika imegundishwa springi. Spika ikitikisika, springi inatikisika, mtikisiko unakimbia mpaka mwisho, unagonga, unarudi, unakwenda tena na tena mpaka unachoka. Mwisho wa springi kuna kisahani cha piezo, kile kinachokaa kwenye vikengele vya mlango, kinageuza ule mtikisiko kuwa umeme tena. Umeme huo ni dhaifu sana, unaukuzwa, unachanganywa na sauti kavu ya gitaa. Basi. Sikio linadanganyika kwamba upo ukumbini.

Na springi zenyewe? Springi za pazia! Zile ndefu za kutundikia mapazia, zimevuliwa plastiki yake nyeupe, zimevutwa kidogo tu zisilegee. Ziko tatu, kila moja na urefu wake, ili miangwi yake isigongane mahali pamoja ikatoa mlio wa bomba. Chini ya kopo kuna sponji la godoro ili hatua za watu zisiingie kwenye sauti. Bezi imekatwa kabla haijafika kwenye springi, maana bezi ikiingia yote inakuwa ngurumo tupu. Mtu aliyefikiria yote hayo akiwa na bisibisi na kishoka cha kulehemu, huyo ndiye wa kuuza mahindi? Na hata muuza mahindi, tangu lini amekuwa tusi?

Wengine mlijitetea kwenye komenti kwamba siku hizi kuna plagini, unabonyeza tu kwenye kompyuta unapata riverbu ya springi safi. Kweli kabisa. Plagini zipo, nyingine nzuri mno, na hakuna dhambi kuzitumia. Lakini plagini hiyo inaiga nini? Inaiga springi. Kuna mtu alikaa akapima springi ya kweli ndipo akaandika programu. Mnaheshimu picha ya mtu alafu mwenyewe akipita mnamtemea mate. Na kama plagini inatosha, bosi alituma bodaboda Mbagala kufuata nini? Mihogo?

Wengine wakasema kitu cha maana lazima kitoke kiwandani. Haya, turudi kiwandani. Riverbu ya springi ilipata umaarufu kwa Laurens Hammond wa Marekani, yule wa vinanda vya Hammond, miaka ya 1930. Shida yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Watu walinunua kinanda wakakiweka sebuleni, sauti ikawa kavu, haifanani na kanisani. Kumjengea kila mteja kanisa haiwezekani, kwa hiyo akamwekea springi. Na wazo la springi hakulizua yeye, lilitoka kwa wataalamu wa simu waliokuwa wakitafuta namna ya kuiga sauti inavyochelewa kwenye simu za mbali. Yaani hiyo mashine "adimu ya Marekani" ilizaliwa kama njia ya mkato ya mtu asiye na ukumbi. Mwaka 1961 Fender wakatoa sanduku la riverbu la kujitegemea, na 1963 wakaanza kuiweka ndani ya amplifaya. Ndani kuna nini? Springi kwenye sanduku la bati. Tofauti na kopo la biskuti ni rangi na bei.

Na huo mshindo wa radi unaowapagawisha? Huo hautoki kwenye kitufe. Unatoka ukilipiga sanduku la springi kwa mkono, springi zinagongana ndani. Aliyeufanya uwe sehemu ya muziki ni King Tubby wa Kingston, Jamaika, jina lake Osbourne Ruddock. Kazi yake? Fundi redio! Alikuwa anatengeneza redio na kusuka trafo, akajenga amplifaya zake mwenyewe, akafungua studio nyumbani kwao mtaa wa Waterhouse, siyo mtaa wa kishua. Akachukua vifaa vya wengine akavifungua, akavibadilisha, akavipiga makofi mpaka vikatoa radi. Alifariki 1989, lakini prodyuza yeyote anayekata biti na kuacha mwangwi peke yake, hata bosi wetu mwenye miwani, anakula kwenye sahani ya fundi redio yule.

Kama Jamaika ni mbali, vukeni hapo Kongo. Konono N°1 wa Kinshasa walichukua sumaku za vyuma chakavu vya magari wakatengeneza maikrofoni za likembe zao, kwa sababu mtaani kuna kelele na likembe haisikiki. Vifaa vikawa vinakwaruza. Badala ya kuona aibu wakaufanya mkwaruzo kuwa muziki. Albamu yao ya Congotronics ikatoka 2004, dunia ikashangaa, na 2011 wimbo wa Herbie Hancock waliomshirikisha ukapata Grammy. "Tzzz" yao ilifika Grammy. Na singeli yetu, ya Manzese na Tandale, ilianzia kwenye studio za viyoyozi? Mnajibu wenyewe.

Sasa haki itendeke pande zote, povu siyo la upande mmoja. Dogo naye alikosea. Ukitoa kitu chako kwa mtu aliyekutukana hadharani, toa na karatasi. Andika siku ya kurudisha, andika bei, andika jina litakaa wapi, piga picha kabla hakijapanda bodaboda. Meseji moja ya WhatsApp ingetosha kumaliza ubishi wote huu. Pili, kopo linavuma likikaa karibu na trafo, na springi ya tatu inakwaruza. Kama anataka kuuza kwa watu, arekebishe, asijifiche kwenye "ndiyo ladha yake". Kilichotengenezwa nyumbani kinaweza kuwa kibaya pia, na mteja ana haki ya kusema. Bosi angesema tu "dogo, linavuma, ongeza kinga", angekuwa mwalimu. Alichagua kuwa mchekeshaji.

Na wale wanasheria wa komenti wanaosema hakuna kosa, mko sawa kwa nusu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa na wanaozitumbuiza, hailindi kopo mtu alilokuazima. Dogo hawezi kwenda COSOTA akasema "tzzz ni yangu". Lakini tangu lini adabu ikasubiri sheria? Ukiazima sufuria ya jirani, unairudisha imeoshwa, na ukisifiwa pilau humwambii mgeni kwamba sufuria umeitoa Ulaya.

Hapa ndipo penye uchungu. Elfu 10 siyo shida kubwa. Shida ni kwamba bosi aliposimama redioni akasema "mashine ya Marekani", aliwafunga milango madogo wengine wote. Kuna binti Temeke ana kisahani cha piezo mezani na anajiuliza kama aendelee. Kuna mwanafunzi wa VETA anayelehemu usiku baada ya kazi. Wote wamesikia kwamba sauti nzuri inatoka ng'ambo tu, na ya kwao ni uchafu. Wakati sauti waliyoisikia, iliyowasisimua, imetoka Mbagala ndani ya kopo. Huo siyo uongo mdogo. Huo ni wizi wa moyo wa kujaribu, na hauna risiti.

Bosi ana njia rahisi ya kutoka. Aweke jina la dogo kwenye maelezo ya ngoma, inachukua dakika moja. Alipie springi iliyokatika. Na kwa kuwa alicheka laivu, aseme asante laivu, miwani aivue. Hatapungua kitu. King Tubby aliwafundisha vijana wa mtaani kwake, wakawa majina makubwa, naye jina lake halikuzama.

Dogo mwenyewe? Taarifa kutoka Mbagala zinasema ameshanunua springi mpya ya pazia. Kopo la pili linajengwa, safari hii la bati nene, na kwa ndani, chini ya mfuniko, ameandika jina lake kwa msumari. Anayetaka kuazima aje na kalamu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Bosi aombe radhi au dogo anatafuta kiki? Na wewe uliyecheka siku ile, bado unacheka? Dondosha komenti hapo chini, matusi weka pembeni.